Kuanza mazoezi ya vuli na mbwa wa sleji: mwongozo kamili

Kwa mtu wa pwani neno vuli lina harufu ya mvua ndogo, zile za Oktoba mpaka Desemba. Huku katikati ya Alaska, karibu na mji wa Fairbanks, vuli ni kitu kingine kabisa. Majani ya miti ya betula yanaanza kuwa manjano mwishoni mwa Agosti, Septemba ikiisha yameshapukutika, na mchana unapungua karibu dakika saba kila siku. Theluji ya kukaa huanguka kwa kawaida katikati ya Oktoba. Wiki hizo chache, kati ya jani la kwanza la manjano na theluji ya kukaa, ndizo zinazoamua mbwa wako watakuwaje mwezi wa Machi, pale mashindano ya Iditarod ya sleji, yale magari ya mbao yanayovutwa na mbwa na kuteleza juu ya theluji, yanapoondoka Anchorage kwenda Nome, safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Mimi sikuzaliwa kwenye haya mambo. Nilianza kama kibarua wa kuzoa mavi ya mbwa arobaini kila asubuhi, na nawashauri wote waanzie hapo, kwa sababu mavi yanakwambia afya ya mbwa kabla daktari hajafika. Na anayedhani mtu wa nchi za joto hawezi kazi hii, Newton Marshall wa Jamaica alifika Nome na mbwa wake mwaka 2010.

Joto ndilo adui

Watu wakisikia mbwa wa sleji huwaza baridi. Vuli inakufundisha kuogopa joto. Husky wa Alaska, mbwa wa kilo 20 hadi 25 hivi aliyezalishwa kwa kukimbia, hulala nje kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, mkia umefunika pua, wala hana habari. Mkimbize huyo huyo kilomita tano mchana wa nyuzi 18 juu ya sifuri na unaweza kumuua. Mwili wake hautoi jasho kama wetu. Anapoa hasa kwa kuhema, na manyoya ya msimu wa baridi yameshaanza kuota, kama mtu aliyevaa koti zito halafu akaambiwa akimbie.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kununua kipimajoto na kukitundika kivulini kwenye uwanja wa mbwa. Kanuni niliyofundishwa ni fupi: ikiwa chini ya nyuzi 10, twende, kati ya 10 na 15, mwendo mfupi na maji mengi, ikizidi 15, rudi ukalale. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kaza zaidi, maana kuhema hakupozi vizuri kwenye unyevu. Mwezi Septemba hii inamaanisha kuamka saa kumi alfajiri na kufanya kazi kwa taa ya kichwani. Wengine huenda usiku wa manane. Kulala kwenyewe kutasubiri.

Kagua mbwa mmoja mmoja

Siku kumi kabla ya kuanza, pita kwa kila mbwa na daftari. Pitisha vidole kwenye mbavu: uzihisi bila kukandamiza, lakini zisikuchome. Mbwa aliyenenepa wakati wa kiangazi atabeba mafuta hayo kwenye viungo vyake. Hakikisha chanjo za kichaa cha mbwa, parvo na distempa ziko sawa, na dawa ya minyoo imetolewa. Kata kucha. Kucha ndefu hupasuka kwenye changarawe, na pia hutoboa soksi wanazovalishwa mbwa miguuni.

Kisha kunja na kunyoosha kila mguu: kifundo cha mbele, kiwiko, bega, halafu nyuma. Hapa hutafuti ugonjwa tu. Unajifunza hali ya kawaida ya mbwa huyo, ili mwezi wa kumi na moja bega la kushoto likikataa kunyooka ujue kwamba jana lilikubali. Andika. Mimi niliwahi kujidai nakumbuka yote kichwani. Nikaja kubishana na nafsi yangu kama jike mmoja alikuwa akichechemea tangu awali au la.

Kamba na mikanda

Kamba zilizokaa stoo miezi mitano zimetembelewa na panya. Zikague kwa mkono, sentimita kwa sentimita. Kamba kuu ndiyo uti wa mgongo wa timu. Inapita katikati, mbwa wakiwa wawili wawili, mmoja kila upande, na kati ya jozi na jozi kuna kama mita mbili na nusu. Iliyo nzuri ina waya wa chuma ndani yake, ili mwenye meno ya kukosa subira asiikate. Kila mbwa ana kamba mbili: ya kuvutia, inayotoka nyuma ya mkanda wake mpaka kamba kuu, na ya shingo, fupi, inayomzuia asigeukie kando. Vifungo vya shaba ni bora kuliko vya chuma, havigandi kirahisi wala havishiki kutu.

Mkanda wa kuvalia, wenyewe tunauita hanesi, lazima umkae mbwa. Shingoni uwe umebana kiasi cha vidole viwili tu kuingia, uzito uangukie kwenye mfupa wa kifua, usiguse koo. Ukivuta kwa nyuma, mwisho wake ufike penye mzizi wa mkia. Ukiona mbwa anakohoa akivuta, usimlaumu mbwa.

Gari lisilo na theluji

Bila theluji, timu huvuta pikipiki ya matairi manne. Ina uzito wa kilo 300 hivi, ina breki, na ina injini. Injini ndiyo siri yake. Wanaoanza hudhani mbwa wavute chuma chote peke yao ili wapate misuli. Matokeo yake ni mabega yaliyoumia kabla ya Oktoba. Washa injini, weka gia ya chini, na kwenye kilima toa mafuta kidogo. Kamba za kuvutia zibaki zimekaza, mbwa wahisi kazi, lakini wasihisi mlima. Ukishuka, breki taratibu, kwa sababu kamba ikilegea itaingia chini ya tairi, au mbwa wa nyuma atavuka mguu juu yake.

Na sasa jambo ambalo usilisahau hata kama umesahau mengine yote: pikipiki ifungwe kwenye kitu kisichong'oka kabla mbwa wa kwanza hajafungwa. Kamba nene, kifungo cha kuachia kwa mkono mmoja, mti mzima au nguzo iliyozikwa. Breki ya mkono haitoshi.

Msimu wangu wa pili nilifunga kwenye nguzo ya uzio. Nilikuwa nimeshafunga mbwa sita, nikarudi hatua kumi kuchukua glovu. Nikasikia sauti kama kuni inayovunjika. Nguzo ilikuwa imeoza chini ya udongo. Nilipogeuka niliona tu taa nyekundu ya nyuma ikiingia kwenye kona, na kipande cha nguzo kikirukaruka nyuma yake kama mkia. Nilikimbia kwa mabuti ya mpira. Niliwakuta mbele kidogo, pikipiki imebana kati ya misonobari miwili, mbwa wote wazima, wananiangalia kwa furaha ya nani-amechelewa. Mzee niliyekuwa nikimfanyia kazi hakusema neno. Siku iliyofuata nilikuta sururu na gogo jipya la nguzo vimewekwa mlangoni pangu.

Kufunga timu

Kwa anayeanza, mbwa wanne hadi sita wanatosha. Kumi na wawili ni nguvu ambayo hujajua kuizuia.

Saa mbili kabla ya kuondoka kila mbwa awe amekunywa. Nitaeleza maji chini. Panga nani akae wapi kabla ya kugusa mnyororo wowote. Viongozi mbele. Nyuma yao wale wanaojifunza uongozi. Katikati wafanyakazi. Mwisho kabisa, karibu na gari, mbwa wenye mwili na utulivu, kwa sababu kila mtikisiko wa gari unawafikia wao kwanza.

Valisha mikanda wakiwa bado kwenye minyororo yao. Mbane mbwa kati ya magoti, pitisha kichwa, halafu mguu mmoja, halafu wa pili. Ukimpeleka kwenye kamba, shika mkanda wake na umwinue miguu ya mbele ili atembee kwa miwili ya nyuma. Inachekesha kuona, ila mbwa mwenye miguu minne chini atakuburuta kifudifudi. Wafunge viongozi kwanza, na uwe umewafundisha kusimama wamenyoosha kamba bila kugeuka. Wenye kelele wafunge mwisho. Kazi yote isizidi dakika kumi, kwani wakingoja sana wanatafuna kamba au wanapigana.

Kelele zitakuwa kubwa. Mbwa wanaruka juu miguu yote minne, wanabweka mpaka sauti zinakauka, huwezi kusikia injini. Kisha unavuta kifungo, na ghafla kimya. Kimya kabisa, unasikia kucha kwenye changarawe na pumzi tu. Wageni wote hushtuka hapo.

Ratiba, na sababu ya kuwa mvivu

Hapa ndipo wengi huharibu. Mbwa aliyepumzika kiangazi kizima anataka kukimbia kilomita 20 siku ya kwanza, na atakimbia. Moyo na mapafu hurudi katika hali yake ndani ya wiki chache. Kano, viungo na mifupa vinahitaji miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, wiki ya tatu mpaka ya sita hivi, mbwa anajiona simba na miguu yake bado haijawa tayari kumbeba simba huyo. Wewe ndiye breki yake. Mazoezi ya vuli, ukiniuliza mimi, ni miezi miwili ya kuwanyima mbwa wanachokitaka.

Ratiba ninayofuata kwa mbwa wazima wa masafa marefu ni hii. Wiki ya kwanza kilomita 3 tu, siku moja kazi, siku moja kupumzika, na kusimama kila baada ya kilomita moja hata kama hakuna sababu. Wiki ya pili kilomita 5. Ya tatu 7 au 8. Ya nne narudi kwenye 5, na hiyo wiki hairukwi, hata timu ikionekana nzuri namna gani. Kisha 10, 12, 15, nikiwa sasa naweza kwenda siku mbili mfululizo na kupumzika ya tatu. Oktoba ikiisha tupo kwenye 25 hadi 30. Mwendo ni kilomita 12 hadi 14 kwa saa, mbwa wakikimbia polepole, wasipige mbio. Kipima mwendo kwenye pikipiki kitakusaidia, kwa sababu macho hudanganya alfajiri.

Kule kusimama mara kwa mara watu hukudharau. Usikuache. Mbwa anajifunza kwamba kusimama si mwisho wa dunia, na wewe unapata nafasi ya kutembea mbele, kumgusa kila mmoja, kutazama kamba na nyayo. Mbwa aliyezoea kusimama bila kulia Septemba atapumzika kweli Machi, akiwa amechoka na upepo unavuma.

Daftari tena: tarehe, nyuzi joto, kilomita, nani alikuwa wapi, nani alilegeza kamba. Mbwa ambaye kamba yake imelegea siku mbili mfululizo anakwambia kitu. Mara nyingi ni kifundo cha mguu.

Maji na chakula

Mbwa hawanywi maji matupu kwa hiari unapotaka wewe. Weka ladha: konzi ya nyama iliyosagwa, supu ya samaki, maji yaliyoloweka chakula kikavu. Tunayaita maji ya chambo. Lita moja hivi kwa mbwa, saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kukimbia, wapate na muda wa kukojoa. Njiani, kila mto mdogo na kila dimbwi safi ni kituo. Waache waingie mpaka tumboni.

Chakula kizito kisitolewe kabla ya mwendo, tumbo lililojaa linaweza kujikunja na hilo huua ndani ya saa chache. Baada ya kurudi, maji kwanza, wapoe, chakula baada ya saa moja. Mbwa wa sleji huendeshwa na mafuta zaidi ya wanga. Kwenye mashindano mmoja anaweza kula kalori 10,000 kwa siku. Lakini Septemba hajafika huko. Ongeza mafuta ya nyama au samaki kidogo kidogo kila wiki kadiri kilomita zinavyopanda. Ukikimbilia, uwanja mzima utaharisha, na mwenye sepetu ni wewe.

Joto likimzidi mbwa

Jifunze sura yake kabla hujaihitaji. Ulimi unakuwa mpana na kujikunja mwishoni kama kijiko. Masikio yanalegea. Mbwa anavuta timu kuelekea kwenye mtaro wa maji, au anajitupa chini kila mkisimama. Akiyumba miguu ya nyuma, umeshachelewa kidogo.

Simama. Mfungue kamba ya kuvutia, mpeleke kivulini, mwagia maji ya baridi ya kawaida tumboni, kinenani na kwenye nyayo. Apate maji ya kulamba, kidogo kidogo. Pima joto. Mbwa mwenye afya akiwa amepumzika huwa na nyuzi 38 hadi 39. Anayekimbia hupanda juu ya hapo na kushuka mwenyewe akisimama. Likiwa juu ya 41 wala halishuki, hiyo ni dharura, daktari wa mifugo leo hii. Acha kumwagia maji likifika 39 na nusu, lisije likaporomoka. Na jioni hiyo na kesho yake tazama mkojo: ukiwa na rangi ya kahawa, misuli imevunjika na sumu yake inapita kwenye figo. Hapo pia ni daktari, na hakuna dawa ya nyumbani.

Nyayo

Hakuna miguu, hakuna timu. Barabara za changarawe hulamba ngozi ya nyayo kama msasa. Baada ya kila mwendo, funua kila kidole na utazame katikati: wekundu, mpasuko, kijiwe. Paka marhamu yenye lanolini. Kuna soksi za kitambaa kigumu zenye ukanda wa kunata; zivalishe barabara ikiwa mbaya, ukibana ukanda kiasi cha kutotoka tu. Ukikaza mno, damu haipiti na mguu unavimba. Zivue mara tu mnapofika. Mimi wiki mbili za mwanzo siwavalishi kila siku, nataka ngozi ikomae, lakini nachagua njia ya udongo laini hata kama ni ndefu kuifikia.

Wadogo na viongozi

Mbwa wa mwaka mmoja afungwe kando ya mzee mpole, katikati ya timu. Asiwe karibu na gari mwanzoni, injini humtisha. Mwendo wake wa kwanza uwe mfupi kiasi kwamba anarudi nyumbani akiwa bado anataka zaidi. Akijikwaa na kuburutwa siku hiyo, unaweza kuchukua msimu mzima kumrudishia imani.

Amri ni chache na huku Marekani wanatumia zile walizokuwa wakiwaambia ng'ombe na farasi: *jii* ni kulia, *haa* ni kushoto, *woo* ni simama. Aliyelima kwa plau Usukumani ataielewa kazi hii haraka kuliko mtu wa mjini. Toa amri mita kumi kabla ya njia panda, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele mara tano, umewafundisha kwamba amri ni ile ya tano. Wakikosea, simamisha, nenda mbele, waongoze kwa mkono, kisha endelea bila hasira.

Kwetu kila uzao hupewa majina ya kundi moja, na uzao mmoja nilipewa nafasi ya kuupa majina mimi. Wapo Iliki, Bizari, Pilipili na Karafuu. Karafuu sasa ana miaka tisa na mwendo wake umepungua. Vuli iliyopita nilishawishika kumweka Pilipili mbele peke yake, kwa kuwa ana kasi. Alikwenda vizuri mpaka njia panda ya tatu, akachagua sungura. Usiache mbachao kwa msala upitao. Karafuu amerudi mbele, Pilipili yuko kando yake, anajifunza.

Mnaokutana nao njiani

Septemba ni msimu wa kuwinda musi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini anayezidi farasi wengi kwa urefu wa bega, na ndio wakati madume wanapopigania majike. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa. Punguza mwendo kwenye kona. Musi haogopi mbwa. Kwake ni mbwamwitu waliofungwa wasiweze kukimbia. Mwaka 1985 musi aliingia kwenye timu ya Susan Butcher katikati ya Iditarod, akaua mbwa wawili na kujeruhi wengine, ikabidi ajitoe. Mwaka uliofuata alishinda. Ukimwona musi njiani, simama mbali, zima taa, ngoja. Hata nusu saa. Kama ana haja ya njia, ni yake.

Siku ya kuhamia kwenye sleji

Theluji ya kwanza itakutia wazimu kuliko mbwa. Subiri. Kinachoamua ni nanga: chuma chenye meno mawili unachokikanyaga kwenye theluji ili sleji isiondoke. Kama inagonga changarawe na kuteleza, huna breki, na pikipiki inabaki kazini wiki nyingine. Ikiingia mpaka shingoni na ukaivuta kwa mikono miwili isitoke, hapo sawa. Punguza timu kwa nusu siku hiyo, kwani gari la kilo 300 limeondoka na sasa kuna mbao za kilo 20 na wewe juu yake.

Mwaka jana ilianguka usiku. Saa kumi alfajiri nilitoka na taa kichwani, vibanda vyote vimekuwa vilima vyeupe na hakuna mbwa hata mmoja anayeonekana. Nikaangusha nanga, nikaikanyaga, nikasikia ikizama. Vilima vyote vikasimama na kujikung'uta kwa pamoja.